Usiitike Mara ya Kwanza

Ijumaa ile mama yangu mdogo alitoka kazini saa kumi jioni kama siku zote. Alivua aproni ya mpira, akaitundika, akanawa mikono mpaka viwikoni. Alikuwa dobi wa hospitali katika nchi ya watu, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne. Kazi yake ilikuwa mashuka. Yaliingia machafu kwa mlango mmoja, yakatoka kwa mlango mwingine yamekunjwa mara nne, na katikati alikuwa yeye, mashine tatu na mvuke.

Haya alinisimulia mwenyewe. Kipande kimoja tu ndicho nilichokishuhudia kwa masikio yangu, na nikikifikia nitasema.

Miezi mitatu kabla ya Ijumaa hiyo, bibi yangu, yaani mama yake, alifariki. Taarifa ilimkuta mama mdogo kazini. Alisoma ujumbe mara mbili, akarudisha simu kwenye kabati lake, akamaliza zamu. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka nchini, asingeruhusiwa kurudi. Basi hakuja. Tulizika bila yeye. Siku ya maziko alikunja mashuka mia nne na ushee, na hakuharibu hata moja.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa. Kila alipopigiwa simu alijibu, "Mimi mzima, dada. Niko sawa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Alikuwa kitinda mimba, aliyelelewa mgongoni mwa bibi, na bibi alimpa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Jina hilo mimi nalijua. Sitaliandika hapa.

Rafiki yake kule alikuwa mpishi wa hospitali hiyohiyo, mwanamke mnene mcheshi, mwenzake kwa lugha. Ndiye aliyemtoa. "Wewe unakula kama unameza dawa," alimwambia jikoni. "Kesho tunapanda mlima, Jumapili kuna tamasha la muziki mjini chini yake. Wafanyakazi wengine wanakuja. Usiponikubalia nitakubeba, na unaniona nilivyo, tutaanguka wote."

Mama mdogo akakubali. Kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Walikuwa sita. Aliyewaongoza ni mbeba wagonjwa waliyemwita Mrefu. Walianza kupanda saa mbili asubuhi, jua likiwa jepesi, njia ikiwa wazi, na Mpishi akilalamika kila hatua kumi kwamba mlima huo haukumkosea kitu, naye haoni sababu ya kuukanyaga. Watu walicheka. Mama mdogo aliona vinywa vyao vikifunguka. Alitembea wa mwisho. Alijua kwamba miguu inamuuma, lakini alijua tu, kama unavyojua kwamba jirani anaumwa.

Karibu na kilele ukungu ukashuka. Haukuja taratibu. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, na aliponyanyuka mgongo wa Mpishi haukuwepo tena mbele yake. Alisikia nyayo za wenzake zikikwaruza mawe, kisha hakuzisikia. Hakuogopa. Alisimama hapo, uso umelowa, akingoja ukungu upite.

Ndipo akaitwa.

Sauti ilitoka nyuma, kwenye njia waliyotoka. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili, anayetaka uje umshikie kitu. Ikamwita kwa lile jina.

Nyumbani kwetu kila mtoto alifundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kunawa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Wala ya pili. Binadamu mwenye shida nawe atakuita mara ya tatu. Bibi ndiye aliyetufundisha, na alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa mambo ya jikoni.

Mama mdogo alilikumbuka. Aliniambia hivyo. Alilikumbuka vizuri kabisa, na akaona haidhuru.

"Abee," akaitika.

Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekuja. Ila alihisi wepesi mdogo kifuani, kana kwamba mtu amemwondolea begi mgongoni kwa adabu, bila kumgusa. Ukungu ukapasuka. Mpishi alikuwa hatua nane tu mbele, amekaa juu ya jiwe, anakula yai.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mpishi akauliza.

"Hakuna mtu."

"Nimesikia mkicheka."

Walilala katika nyumba ya wageni chini ya mlima, yeye na Mpishi chumba kimoja chenye vitanda viwili vya chuma. Alilala usingizi mzito mno. Alipoamka ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani, na kitanda cha Mpishi kilikuwa kitupu. Chake kilikuwa na mashimo mawili kwenye godoro. Moja lake. Lingine upande wa ukutani.

Alioga, akavaa, akafuata ngoma. Tamasha lilikuwa kwenye uwanja uliozungushiwa ua wa turubai, na mlangoni alikaa mzee akiwafunga watu utepe wa kitambaa mkononi. Mama mdogo akanyoosha mkono. Mzee akautazama, kisha akautazama uso wake.

"Wewe nimekufunga asubuhi," akasema kwa lugha ya huko. "Umeukata?"

"Ndiyo kwanza nafika."

Mzee akainamia kikapu chake cha tepe. Akamfunga utepe mwingine, lakini alifunga kwa ncha za vidole, akijitahidi asimguse ngozi. Alipomaliza alifuta mikono yake kwenye suruali.

Ndani watu walikuwa wengi. Muuza maji akamwitikia kwa kichwa kama mteja wake wa siku nyingi. Msichana mmoja wa maabara, waliyepanda naye jana, akampungia mkono akicheka, kisha akageuka nyuma haraka, kisha akamtazama tena. Hakucheka mara ya pili.

Alimkuta Mpishi chini ya mwavuli, anajipepea na kofia.

"Umerudi upesi," Mpishi akasema. "Na sweta umelitupa wapi? Mwenzangu, leo umenifurahisha. Miezi mitatu sijaona meno yako, leo umecheza mpaka umelia. Nikasema, alhamdulillahi, sasa limefunguka."

"Nililia?"

"Kwenye bega langu." Mpishi akajigusa. Bega la blauzi yake lilikuwa limelowa, duara kubwa, mpaka kifuani. "Kwa jua hili bado halijakauka," akasema, na sauti ikampungua. Akamtazama mama mdogo miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni. Hakuuliza tena habari za sweta.

"Yuko wapi?" mama mdogo akanong'ona.

Macho ya Mpishi ndiyo yaliyojibu. Yalikwenda jukwaani.

Alikuwa mbele kabisa, kati ya wachezaji, amewapa mgongo. Kichwa kilekile. Mabega yaleyale. Watu walikuwa wamemwachia duara, naye anacheza katikati, anacheza vizuri, anacheza kama mama mdogo alivyokuwa akicheza kwenye harusi za nyumbani kabla hajaondoka. Alivaa sweta juani, na nguo zake zote zilikuwa zimelowa chapachapa. Mama mdogo aliniambia kwamba hata hapo hakutetemeka. Aliona kama anaangalia nguo zake mwenyewe zikipepea kwenye kamba.

Kisha yule akasimama. Ngoma ziliendelea. Alitoa kitu mfukoni, akakiweka sikioni, akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtingishika.

Alikuwa anaongea na simu. Analia.

Yule alipoishusha simu, mama mdogo akatoka nje ya ua wa turubai, akasimama karibu na ukuta wa choo ambako hapakuwa na watu, akampigia mama yangu.

Sasa nimefika kwenye kipande changu.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mimi nilikuwa sebuleni napiga pasi sare zangu. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kochi, macho mekundu, simu mapajani. Alikuwa ameikata muda mfupi tu. Kwa dakika kumi hivi alikuwa akilia na mdogo wake. Walimlilia bibi kwa pamoja, wakakumbushana mambo yake, na mimi nilikuwa nimefurahi, maana kilio huanza mfiwa, na mfiwa yule alikuwa bado hajaanza.

Simu ikaita tena. Mama akaweka sauti ya nje ili nimsalimie.

"Dada," mama mdogo akasema. "Mimi mzima."

Mama akakunja uso. Ilikuwa ile sauti kavu.

"Mbona umebadilika hivyo? Sasa hivi tulikuwa..." Akaitazama simu. "Kwani sasa hivi nilikuwa naongea na nani?"

"Ndilo ninalotaka kukueleza. Jana mlimani niliitwa. Kwa jina alilonipa mama."

"Ukaitika mara ya ngapi?"

Tulisikia ngoma kwa mbali kwenye simu. Tulisikia mtu akivuta pumzi.

"Ya kwanza."

Mama hakupiga kelele. Alishusha sauti mpaka nikalazimika kuzima pasi ili nimsikie. "Nisikilize, mdogo wangu. Uko peke yako?"

"Anakuja," mama mdogo akasema. "Ametoka uwanjani. Ananiona."

"Usimfuate. Akikuita, kaa kimya. Mimi nitakuita. Utaniitika mimi, mara ya tatu. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Anasema nini?"

"Midomo inacheza tu. Dada, uso wake umelowa. Amefanana na mama."

Mama akalitaja lile jina. Mara ya kwanza.

Kimya.

Akalitaja tena. Kwenye simu kulikuwa na nyayo, nyayo za majimaji, chap, chap, zikikaribia. Mama mdogo alikuwa ameuma mdomo. Aliniambia baadaye kwamba yule alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayempokea mtoto kutoka kwa mlezi. Na kwamba kwa mara ya kwanza tangu msiba alitamani kitu. Alitamani kumwendea.

Mama akalitaja mara ya tatu.

"Abee," mama mdogo akaitika kwenye simu.

"Abee."

Hiyo ya pili haikutoka kwenye simu. Ilitoka uani kwetu, nyuma ya mlango wa jikoni. Karibu. Sauti ya mtu aliyelia sana.

Mimi na mama tulitazamana. Hakuna aliyekwenda kufungua. Mlango haukugongwa. Baada ya muda kuku wakaanza tena kuparura, ndipo tukajua kwamba walikuwa wamenyamaza.

"Amenipita," mama mdogo akasema kutoka upande wa pili wa dunia. "Ameniparaza na mkono wa sweta, akapita. Nyuma yangu hakuna mtu."

"Umebaki salama?"

Alifikiri kidogo. "Nimebaki," akasema.

Jumatatu alirudi kwenye mashuka. Mpishi hakumkimbia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, ila hakumwalika tena popote, na ile blauzi aliitupa kwenye tanuru la hospitali baada ya kuianika siku tano. Mama mdogo aliishi vizuri. Alikula, alilala, alipanda cheo akawa msimamizi wa zamu. Kila alichotakiwa kufanya alikifanya. Niliwahi kumuuliza kama huwa anamkumbuka bibi. Akaniambia anazikumbuka tarehe zote.

Karatasi zake zilitoka mwaka uliofuata, akaja likizo. Mama alimpokea kwa kumkumbatia muda mrefu, akilia, na mama mdogo alimpigapiga mgongoni kwa upole. Kesho yake saa saba mchana tukampeleka kaburini, watu watatu tu. Ilikuwa kiangazi. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kumi na moja, nyasi zilivunjika tulipozikanyaga, na saruji ya kaburi ilichoma ukiigusa.

Upande wa kichwani saruji ilikuwa imelowa. Alama nyeusi, pana, yenye mipaka safi, kama mahali alipoketi mtu aliyetoka mtoni. Mama akavua mtandio akafuta. Pakakauka. Tukaomba dua, na kabla hatujamaliza pakalowa tena. Niliweka kiganja changu pale. Palikuwa baridi.

Mama alinishika mkono akanivuta nyuma. Mama mdogo hakurudi nyuma. Alisimama pale akipatazama kwa uso uleule wa siku zote, kisha akakaa kwenye ukingo wa kaburi, taratibu, akasogea kidogo kando, akimpisha yule.