Mdomo wa Kidoti, Sauti ya Chiriku

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia kujifunza kazi kwenye studio ya shangazi yake, mhariri wa video za nyimbo. Siku moja alimkuta akitazama video ya zamani: waimbaji wamesimama wima mbele ya pazia, hata mabega hayatikisiki.

"Mbona wamekauka hivyo, shangazi?"

"Kamera ilikuwa moja, nzito kama jiwe la kusagia. Wimbo ulirekodiwa kwanza. Hapo wanachezesha midomo tu. Baadaye zikaja kanda za video, watu wakaanza kuigiza hadithi ndani ya wimbo. Leo simu tu inatosha."

Kidoti alilishika hilo la midomo.

Darasa lao lilikuwa likitengeneza video ya wimbo wa usafi. Mwimbaji alikuwa Chiriku, mpiga picha Kidoti, na wawili hao hawakuivana.

"Wewe shika simu tu," Chiriku alimwambia mbele ya wenzao. "Sauti yako ni bawaba isiyotiwa mafuta!"

Darasa likaangua kicheko. Kidoti aliondoka na hasira. Jioni alijipiga picha ya video akichezesha mdomo, akaiunganisha na sauti ya Chiriku iliyokwisha kurekodiwa. Uso wa Chiriku akaufuta wote.

Siku ya maonyesho wazazi walimshangilia Kidoti. Chiriku aliruka kitini, machozi yakimlengalenga.

"Mwizi! Hiyo sauti ni yangu!"

"Wivu tu huo!" Kidoti akamjibu.

Mwalimu wa muziki alisimamisha video. "Basi tuimbie, Kidoti. Ubeti mmoja tu."

Sauti ilitoka ikikwaruza, kisha ikakatika. Ukumbi ukamzomea. Shangazi, aliyekaa mbele, hakumtetea.

"Nimekufundisha kazi, wewe umeigeuza ulaghai!" alimfokea nje.

"Alinitukana, shangazi."

"Na kwa hilo mwalimu atamuuliza. Wewe jibu la kwako."

Kesho yake Kidoti aliomba radhi mbele ya darasa. Chiriku, aliyekwisha kukaripiwa kwa ulimi wake, alikunja uso.

"Nitaimba tena. Lakini usinisemeshe."

Wakapiga picha upya, bila kutazamana machoni ila kupitia kamera. Safari hii Chiriku alionekana akiimba, na mwishoni yakaandikwa majina ya wote wawili, kila mtu na kazi yake.

Shangazi aliitazama hadi mwisho. "Vyombo vya kazi hii vimebadilika, na vitabadilika tena," alisema. "Lakini kumnyang'anya mwenzako sauti yake ni wizi, hata uwe na chombo gani. Na hasira, mwanangu, haijawahi kuwa ruhusa ya kuiba."