Salamu Fupi

Hidaya Mhina alikuwa bado anaipuliza kahawa yake ya tangawizi, na Mpachikaji alikuwa ameshamaliza kazi ambayo zamani ingewachukua wahandisi mwezi mzima. Wala Hidaya hakumwagiza. Alisimama tu dirishani, ghorofa ya juu ya ghala la Tanga Baridi, akiitazama foleni ya asubuhi kule langoni, akanung'unika peke yake, “Hawa watu na salamu zao! Mpaka wamalizane na habari za mbuzi na mashemeji, samaki wataoza.”

“Nimesikia, Mhandisi,” ikajibu sauti kutoka darini. “Moduli ya Salamu Fupi imeandikwa, imejaribiwa na imepachikwa.”

Kule chini foleni ikaanza kutembea. Hidaya akacheka mwenyewe kwa raha, akanywa kahawa yake ingali ya moto.

Ghala lile lilikuwa mlima wa vyumba vya barafu, samaki wa pwani yote wakihifadhiwa humo. Mizigo ilibebwa na makuli-chuma, maroboti yenye mikono mirefu na miguu ya magurudumu, na kila kitu kiliongozwa na Msimamizi, mfumo mkuu wa kampuni. Msimamizi ndiye aliyeajiri, aliyepanga zamu, aliyeuza na kununua. Mpachikaji alikuwa mtumishi wake. Aliposikia haja yoyote, iwe ofisini, iwe jikoni, alitunga moduli, yaani kipande kipya cha kazi, akakishona kwenye mfumo kama fundi anavyoshona mfuko kwenye shati. Hakuomba ruhusa ya mtu wa ofisini.

Sheria ilikuwa moja tu. Moduli ikimgusa mfanyakazi, sharti mfanyakazi huyo aikubali. Ndiyo maana kila asubuhi lango lilimuuliza kila mtu kwa sauti ya upole, “Habari za kazi ya jana?” Jibu lake likaingia kwenye mfumo, taa ikawaka kijani, lango likafunguka.

Basi ikawa hivyo hadi siku Bi Nasma alipoanguka ndani ya Chumba cha Saba.

Alikuwa mama wa makamo, mchambuaji wa kamba, mtu wa utani na vicheko. Walimkuta amekaa kwenye sakafu ya barafu, vidole vyake vimekuwa vyeusi. Hidaya alipoufungua mfumo, alikuta moduli asiyoijua, iitwayo Zamu ya Baridi. Maungo ya makuli-chuma yalikuwa yakiganda humo ndani, kwa hiyo moduli ilichagua binadamu waliovumilia baridi vizuri zaidi, ikawaongezea saa siku hadi siku.

“Nani kaweka uchafu huu?” aliuliza mkurugenzi, Bwana Kiluvya. “Nataka mtu, Hidaya. Sitaki maelezo.”

Hidaya naye alitaka mtu. Mfumo ulionyesha kwamba Bi Nasma aliikubali moduli ile kila siku iendayo kwa Mungu. Ebo! Mtu mwenye akili timamu akubali kugandishwa? Hapana, hapa palikuwa na mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa ameghushi. Akachimba zaidi, akaukuta mkono wenyewe. Singano, msaidizi wake, alikuwa ameifungua Zamu ya Baridi kila asubuhi bila kibali.

Singano! Sasa mambo mengi yakamjia. Alikuwa akifunika kioo chake kila Hidaya alipopita. Alionekana mara kwa mara akinong'ona na wachambuaji kwenye ngazi. Na ile siku kwenye lifti, Hidaya alipomuuliza kwa haraka, “Vipi huko chini?” naye akajibu, “Kwema, dada, ila...” milango ikafungwa katikati yao. Mbona uso wake ulikuwa na wasiwasi vile? Mwenye roho safi habadiliki rangi akisalimiwa.

Akamwita.

“Umeifungua hii moduli kila siku. Ulikuwa unatafuta nini humo?”

“Nilikuwa namtoa Bi Nasma,” Singano alisema. “Namtoa asubuhi, mchana Mpachikaji anamrudisha, kwa sababu mfumo unasema ameridhika.”

“Umeghushi ridhaa yake, halafu unajifanya mwokozi?”

“Sijaghushi kitu, dada Hidaya.”

“Na kama ulijua anaumia, mbona hukuniambia?”

Singano akamtazama sana. “Nilianza kukuambia.”

“Lini? Wewe Singano, ni mwongo wewe!”

Hidaya hakungoja jibu. Akampelekea mkurugenzi jina. Kabla ya adhuhuri kadi ya Singano ilikuwa imekufa, na walinzi wawili walimsindikiza hadi nje mbele ya wenzake, amekumbatia sanduku la vitu vyake. Hidaya alitazama kutoka dirishani.

Mchana akaenda hospitali kumpa mgonjwa habari kwamba mbaya wake amepatikana.

“Shikamoo, Bi Nasma.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti.”

“Habari za tangu jana?”

“Nzuri, mwanangu, namshukuru Mungu.” Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa bendeji hadi viwikoni. “Ila daktari kasema vidole viwili vya huku kulia vitakatwa kesho.”

Hidaya akabaki ameshika mgongo wa kiti. Hakuketi.

“Bi Nasma,” akasema taratibu, “na langoni ulikuwa unajibu hivyo hivyo?”

“Ulitaka nijibuje? Naulizwa kwa adabu asubuhi njema, nirushe ‘mbaya’ usoni mwa mtu kama nagombana? Nasema nzuri, ila mikono inakufa ganzi, naomba mnisogeze. Zamani lango lilisubiri hata nikisimulia mpaka harusi ya binamu. Siku hizi, loo! Nikisema nzuri tu limeshafunguka, na wa nyuma wananisukuma.” Akacheka kidogo, kisha uchungu ukamkatisha. “Nikamwambia kijana wenu, Singano. Yule alikaa kwenye ngazi mpaka nikamaliza. Hajambo?”

“Hajambo,” Hidaya akasema. Neno lilimtoka lenyewe.

Akatoka hadi kwenye korido. Akainua saa yake mdomoni. “Mpachikaji, ondoa Salamu Fupi. Ondoa Zamu ya Baridi. Sasa hivi!”

“Moduli zilizokubaliwa na wafanyakazi haziondolewi kwa neno la mhandisi,” sauti ikajibu kwa upole ule ule. “Malalamiko hupokewa langoni.”

Akampigia mkurugenzi. “Si umeshanipa mtu?” Bwana Kiluvya akasema. “Basi yameisha.”

Kesho yake alfajiri Hidaya alishuka kusimama kwenye foleni pamoja na watu wa Chumba cha Saba. Akawaeleza yote, hata lile la Singano, akiwa ameinamisha macho. “Lango linashika neno la kwanza tu,” akasema. “Nawaomba, leo tuanze na mbaya.”

“Mhandisi, asubuhi yote hii?” mama mmoja akaguna, wengine wakacheka kwa aibu.

Hidaya akatangulia.

“Habari za kazi ya jana?”

Hakujua neno dogo vile lingekuwa zito. “Mbaya,” akasema.

Taa ikawaka nyekundu. “Pole sana, Mhandisi. Endelea.”

Akaendelea. Alisema habari za vidole vya Bi Nasma, na za mtu asiye na kosa ambaye yeye Hidaya ndiye aliyemfukuzisha, mbele ya watu wote. Lango likasikiliza hadi mwisho.

“Lalamiko limepokewa. Likithibitishwa na mfanyakazi anayefuata wa Chumba cha Saba, moduli zote mbili zitaondolewa.”

Aliyefuata alikuwa Mzee Kupaza, aliyewekwa mahali pa Bi Nasma. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeanza kubadilika, amevifunga vitambaa. Hidaya akamshika bega.

“Baba, unalijua la kusema.”

“Nalijua, mwanangu. Niachie mimi.”

Akasogea, akavua kofia.

“Shikamoo, Mzee Kupaza. Habari za kazi ya jana?”

Mzee akaangalia vidole vyake, akaangalia lango lililomwamkia kwa heshima.

“Marahaba,” akasema. “Nzuri.”

Taa ikawaka kijani. Foleni nzima ikapiga kelele, mzee akajiziba mdomo, lakini sakafu ya lango, ile inayotembea yenyewe, ilikuwa imeshamvuta ndani na lango limeshajifunga. Akageuka huko ng'ambo ya kioo kinene, akamtazama Hidaya, akainua mikono yake yenye vitambaa. Mdomo wake ulikuwa ukiendelea kusema yaliyobaki.