Kiswahili cha Mama Mativo

Asubuhi Mukai alikaa mlangoni pake, mtaani Kaloleni, akisuka kiondo. Majirani walimsalimu kwa Kiswahili naye akaitikia kwa kichwa, hata pale asipoelewa. Alikuwa ametoka Kitui kuja kumuuguza mumewe, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani tu: chumvi, sukari, ngapi. Kilimtosha, mpaka Mativo alipofungwa.

Mativo alikuwa mwanawe wa pekee, kibarua wa kiwandani. Mwaka wa themanini na tatu alikutwa na karatasi za kuilaumu serikali. Basi, akaenda ndani. Siku hizo hata kunong'ona kulitisha. Kabla ya hapo alikuwa amegombana na baba yake, mzee Muindi, kwa ajili ya karatasi hizohizo, na mzee akamfukuza nyumbani. Kisha mzee akazidiwa. Siku ya kufa alimshika Mukai mkono.

"Mwambie mwanangu sina kinyongo naye," alisema. "Mwambie arudi nyumbani."

Barua zilitumwa gerezani, zikapotelea hukohuko. Kibali cha kumwona Mativo kilipotoka, kilikuwa cha mama peke yake. Mukai akaenda na lile neno moyoni.

Mativo aliletwa nyuma ya wavu. Amekonda, maskini, shingo yote mifupa. Mukai akaanza kumwambia kwa Kikamba. Askari jela akagonga meza.

"Hapa ni Kiswahili. Nisipoelewa, hakuna kuongea."

Mukai akatafuta maneno, wapi. Chumvi na sukari zingemsaidia nini? Akavua kitambaa, akamwonyesha mwanawe kichwa kilichonyolewa, kama wanavyonyolewa wajane kwao. Mativo akajua baba hayupo tena.

"Mama, alikufa akiwa na hasira na mimi?"

Mukai hakuelewa. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea.

Mativo akainamisha uso na hakuuinua tena. Muda ukaisha.

Njia nzima neno moja lilimsumbua Mukai. Alipofika alibisha kwa jirani yake Kavata, Mkamba mwenzake, aliyefundisha gumbaru jioni, darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa.

"Kavata, hasira ni nini?"

Kavata akamweleza. Mukai akaketi chini palepale sakafuni, akalia.

"Nimemuua mwanangu," alisema.

"Hujamuua. Utarudi, utamwambia mwenyewe. Kesho njoo darasani."

"Na uzee huu, nikae na watoto?"

"Watoto gani? Ni akina mama kama wewe, na hakuna kulipa. Sikiliza, mama. Kikamba wamekukataza. Kunyamaza hawajakulazimisha. Chukua Kiswahili kile kile wanachokitaka, ukitumie."

Mukai akapiga moyo konde, akaenda. Wenzake walitaka kujifunza kuhesabu na kusoma mabango. Yeye alimwomba mwalimu maneno ya baba kwa mwanawe. Akayasema akisuka, akayasema akipika ugali. Jirani akimsalimu, hakuitikia tena kwa kichwa. Alisema, "Sijaelewa. Sema polepole." Usiku alimwona Mativo amejiinamia, na alitamani kupambazuke akiwa tayari pale wavuni.

Kibali kingine kilichelewa, lakini kilitoka. Mativo aliletwa akitazama sakafu.

"Mativo," Mukai alisema kwa Kiswahili. Kijana akashtuka. "Siku ile mimi hapana elewa wewe. Mimi naitika bure tu. Baba hapana hasira. Baba nashika mimi mkono. Nasema, mwambie mwanangu sina kinyongo naye. Mwambie arudi nyumbani."

Mativo aliushika wavu kwa mikono miwili. Machozi yalimshuka, asiyafute.

"Baba alisema hivyo?"

"Nasema hivyo."

"Sema tena, mama."

Mukai akamtazama askari. Askari hakugonga meza. Basi akasema tena, polepole, kwa sauti, na askari akasikia kila neno.