Waya wa Dirishani

Kila jioni, baada ya chakula, Yinhua alikuwa na kazi moja: kuisukuma baiskeli ya umeme ya shangazi yake mpaka kwenye banda la kuchajia, nyuma ya majengo. Shangazi Guifang alikuwa amepooza mguu tangu utotoni. Kwa baiskeli hiyo ya magurudumu matatu alifika sokoni, mjini Liuzhou, China, kuuza tambi za mchele. Kwa magongo asingefika mbali.

Tabu ilikuwa kizingiti cha banda. Kukivuka ni kuinua na kusukuma hadi jasho likutoke, jambo asiloliweza Shangazi. Na saa hizohizo wenzake Yinhua walikuwa kwenye mpira wa meza!

Siku moja akachoka. Akateremsha waya kutoka dirisha la jikoni, ghorofa ya pili, akaichomeka baiskeli palepale mlangoni pa jengo, akaenda zake kucheza.

Mvua ikanyesha. Waya ukatoa cheche, kisha moshi. Bibi Tan, mwenyekiti wa jengo, akakimbia kuzima umeme, kandambili yake moja ikabaki dimbwini. Shangazi akatoka na magongo yake, Yinhua naye akaja mbio kutoka mchezoni.

"Guifang! Unataka kutubanika kama bata? Si ulijua hili ni marufuku? Tulikuruhusu kuegesha mlangoni kwa ajili ya mguu wako. Kuanzia kesho, nje ya geti!"

Shangazi akamtazama Yinhua, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi Tan. Kosa langu."

Yinhua akapiga hesabu. Kutoka mlangoni hadi nje ya geti, kwa magongo, kila alfajiri? Biashara ya Shangazi ingekufa.

"Si yeye, Bibi! Ni mimi. Hakujua kitu."

"Wewe? Na domo lote hilo, ulishindwa kusema?"

"Kile kizingiti kinanishinda. Niliona haya."

Bibi Tan akasonya. Akashika usukani, akaisukuma baiskeli mwenyewe hadi bandani. Akakwama. Akajaribu tena, akakwama, akamlaani aliyekijenga.

"Kumbe! Miaka yote napita hapa na miguu yangu mizima, sijakiona."

Wiki hiyohiyo fundi akamwaga zege, kizingiti kikawa mteremko. Bibi Tan akafuta amri yake, baiskeli ikaendelea kuegeshwa mlangoni, na jioni Shangazi akaingia bandani akiwa ameketi juu yake kama malkia.

"Mwanangu," akamwambia Yinhua, "sheria ile inalinda roho za jengo zima. Ikikushinda, usiizunguke kimyakimya. Sema. Uliponificha, nusura tuungue. Uliposema kweli, hata Bibi Tan alisukuma."

Wakacheka mpaka Bibi Tan akachungulia dirishani kuuliza wanamsema nani.