Mchanga Ndani ya Gurudumu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuteka maji kisimani, na kuifuta baiskeli ya kaka Marcelino. Kazi mbili za kwanza nilizifanya kwa kununa, na mama ni shahidi. Ile ya tatu sikuhitaji kukumbushwa. Nilichukua kitambaa kikavu, nikapanda juu ya kigoda, nikaifuta kuanzia kengele mpaka tairi la nyuma, huku ikining'inia ukutani kwa kamba mbili.

Huo ulikuwa mwaka 1957, pale kwetu Kihesa, Iringa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mpishi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, nasi tulimwona mwisho wa mwezi tu. Kaka yangu alikuwa amepata kazi ya ukarani katika stoo ya kahawa Mbeya, safari ya siku nzima kwa basi. Chumba alichopewa huko walilala watu wanne, na hapakuwa na nafasi hata ya kuegemeza fimbo. Basi baiskeli ikabaki nyumbani.

Kabla hajaondoka, kila Jumamosi alinipakia kwenye keria tukatoka nje ya mji. Tulifuata njia za ng'ombe, zile nyembamba zinazopita kati ya mashamba ya mahindi na vichaka, hadi mbele ya Nduli. Huko kulikuwa na jabali kubwa. Tulipanda juu yake, tukala mahindi ya kuchemsha na kutazama nchi ya Isimani ilivyotanda chini yetu, kisha tukarudi. Safari yenyewe ilikuwa hiyo tu. Akina mama tuliosalimiana nao njiani kwa Kihehe hawakutuelewa hata kidogo.

"Kamwene, Marcelino! Unapeleka nini huko?"

"Kamwene, mama. Sipeleki kitu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Tunatembea tu."

"Kutembea na baiskeli! Na gunia hata moja huna!"

Walicheka mpaka tukapotelea kwenye kona. Kwao baiskeli ilikuwa chombo cha kubebea mahindi au mgonjwa. Mtu mzima kuchoka kwa hiari yake lilikuwa jambo la kuchekesha.

Siku ya kuondoka, Marcelino aliifunga baiskeli ukutani kwa mikono yake mwenyewe. "Bene," aliniambia, "uifute kwa kitambaa kikavu, basi. Usiishushe. Agosti nitakuja, twende jabalini." Nikaahidi. Tangu hapo Jumamosi zikawa ndefu kuliko siku nyingine zote. Niliikumbuka hata ile keria iliyokuwa ikiniumiza makalio.

Barua zake nazo hazikunisaidia. "Mbeya kuna milima mizuri," aliandika, "lakini natembea kwa miguu. Jumapili nilifika mpaka Uyole. Mtu mmoja akapita na baiskeli kwenye njia ya vumbi, nikasimama kumtazama kama mjinga. Itunze, Bene." Niliisoma barua hiyo mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Mwezi wa Aprili uvumilivu ulinishinda. Ilikuwa Jumamosi, mama amekwenda shambani, na mvua ilikuwa imekatika usiku. Anga lilikuwa safi. Nikajiambia nitafika kwenye ile kona tu, halafu nitarudi. Nilifungua kamba, nikaishusha. Kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno, nilipitisha mguu chini ya bomba la fremu, nikaendesha nikiwa nimejipinda upande.

Nilifika kwenye kona. Lakini baada ya kona kuna kona nyingine, na baada ya hiyo njia inateremka hadi kijitoni, na sijui kama kuna mtoto aliyewahi kuukataa mteremko. Upepo ulinipiga usoni, nikacheka peke yangu kwa sauti. Pale chini gurudumu la mbele likateleza kwenye udongo mwekundu, nikaanguka pamoja na baiskeli ndani ya tope.

Mimi sikuumia. Baiskeli ndiyo iliyokuwa imejaa tope kila mahali. Niliikokota hadi nyumbani, na akili yangu ikaenda pale ambapo akili ya msichana yeyote wa Kihesa ingekwenda: kwenye sufuria. Majivu yanatoa mafuta, mchanga unatoa masizi. Hilo tulilijua kabla hatujajua kusoma.

Basi nilichota majivu jikoni na mchanga pale kisimani, nikakunja nyasi, nikasugua. Nilisugua spoku na rimu, na zaidi ya yote kile kitovu cha gurudumu la nyuma ambacho mafundi hukiita habu, maana hapo tope lilikuwa limegandamana na grisi. Nilimwaga maji kwa kata, nikasugua, nikamwaga tena, mpaka grisi yote ikaisha. Mama aliporudi, baiskeli ilikuwa ukutani inang'aa, nami nilikuwa nimeketi kama malaika.

Lakini nilipolizungusha lile gurudumu nilisikia, kwaruu, kwaruu. Nikalizuia kwa mkono. Nikajiambia litanyamaza likikauka. Halikunyamaza. Basi kila asubuhi nikawa naifuta baiskeli bila kuzungusha chochote, na barua nilizomwandikia Marcelino zilisema kwamba sote tu wazima.

Agosti ikafika, na Marcelino akafika. Alishuka kwenye basi Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi alitakiwa kurudi. Yaani tulikuwa na Jumamosi moja tu. Asubuhi yake mama alitufungia mahindi ya kuchemsha, na Marcelino akaishusha baiskeli.

"Bene! Mbona inang'aa kuliko nilivyoiacha!" alisema kwa furaha. Maneno hayo yalinichoma.

Hatukuzipita hata nyumba za jirani. Gurudumu la nyuma lilisaga, likalia, likawa gumu kuzunguka. Marcelino alishuka, akaliinua na kulizungusha kwa mkono. Kwaruu. Uso wake ukabadilika.

"Fundi Muharami huyu!" alisema. "Aliifungua kabla sijaondoka. Akaniambia ametia grisi mpya, nisiiguse miaka miwili. Miaka miwili! Hata mwaka haujaisha, na haijatoka ukutani!"

Akaigeuza kuelekea mjini, nami nikamfuata nyuma na furushi la mahindi. Njia nzima nilitaka kusema, na njia nzima sikusema. Niliogopa kwamba hatanipakia tena maishani. Nilikuwa nimelingoja jabali lile kwa miezi mingi, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nimelizuia.

Fundi Muharami alifanyia kazi kwenye baraza moja karibu na soko. Alikuwa mzee wa kofia nyeupe, mtoto wa watu wa Pwani waliohamia Iringa zamani, na mji mzima ulimwamini kwa mikono yake. Asubuhi hiyo wateja watatu walikuwa wakimsubiri. Marcelino aliiegemeza baiskeli mbele yake bila kumwamkia.

"Marhaba," alisema mzee, "ingawa sijasikia shikamoo."

"Mzee, ulitia grisi au ulinitilia maneno?"

"Nilitia grisi, mwanangu. Ya kopo jipya."

"Iko wapi, basi? Sikia mwenyewe!" Marcelino akalizungusha gurudumu, na baraza zima likasikia.

"Hebu niifungue tuone."

"Hapana. Hutaigusa tena. Nitaipeleka kwa fundi mwingine."

Wateja wakatazamana. Mmoja wao, Ambrosi, ambaye alikuwa akitembeza maziwa mjini, akainuka polepole na kuishika baiskeli yake. "Basi na mimi nitakuja siku nyingine, mzee," alisema bila kumtazama. Fundi Muharami alichukua kitambaa akafuta mikono yake, nayo haikuwa na uchafu wowote.

Mikono ile ndiyo iliyonishinda.

"Si yeye!" nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mimi. Niliishusha. Niliendesha mpaka kijitoni nikaanguka kwenye tope, nikaisugua kwa majivu na mchanga ili Marcelino asijue. Mzee aliweka grisi. Mimi ndiye niliyeitoa."

Ambrosi alirudisha baiskeli yake ukutani. Marcelino alinitazama. Angenigombeza ningeona nafuu, lakini hakunigombeza. Alimgeukia mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Nimekukosea mbele za watu."

"Marhaba," alijibu fundi. "Sasa nimeisikia."

Akaifungua habu. Ndani hamkuwa na grisi, mlikuwa na uji wa kahawia wa mchanga na kutu. Gololi, zile tufe ndogo za chuma zinazofanya gurudumu lizunguke, zilikuwa zimeota kutu karibu zote.

"Majivu yanatoa mafuta, ndiyo maana sufuria zenu zinapendeza," alisema mzee, akinionyesha kwa ncha ya spana. "Lakini humu mafuta ndiyo chakula chenyewe. Ulikinyang'anya chuma chakula chake, ukakilisha mchanga." Kisha akamgeukia Marcelino. "Na koni hii, inayoshikilia gololi, imeliwa. Ninayo nyingine nyumbani, itabidi niichonge kidogo ikae. Kesho baada ya alasiri."

Kesho baada ya alasiri! Jumamosi yetu ikafia pale barazani. Mzee alinipa kigoda, bakuli la mafuta ya taa na gololi mchanganyiko kutoka kwenye makopo yake, akaniambia nichague nzuri, tisa za upande huu na tisa za upande ule, nizioshe moja moja. Niliosha mpaka jua likapinda, vidole vikinuka mafuta ya taa. Mahindi tulikula hapo hapo, sote watatu, na Marcelino bado hakuwa na maneno mengi.

Jumapili, tulipoichukua baiskeli, jua lilikuwa tayari limeelekea magharibi. Gurudumu lilizunguka kimya kabisa. Nilipanda kwenye keria, tukazifuata njia za ng'ombe, vumbi la kiangazi likipanda nyuma yetu. Tulifika mpaka kwenye kilima kilicho kabla ya Nduli, na hapo Marcelino akashika breki. Jabali lilionekana mbali, dogo, la rangi ya udongo.

"Tukiendelea, giza litatukuta huko," alisema.

"Umenikasirikia?"

"Jana nilikasirika. Leo nina huzuni tu. Kule Mbeya, kila nikilala nilikuwa naliwaza jabali hili."

"Hata mimi," nilisema, nikalia.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Unajua, Bene, kama ungeniandikia kwamba unatamani kuiendesha, ningekuruhusu." Maneno hayo niliyabeba kwa miaka mingi.

Tulisimama tukilitazama jabali bila kulifikia. Halafu akatoa spana mfukoni, akakishusha kiti mpaka mwisho, akanipandisha, akakimbia nyuma yangu ameishika keria. Karibu na nyumbani nikasikia anacheka mbali nyuma yangu, nikagundua kwamba alikuwa ameachia zamani.

Jioni alimwambia mama kwamba baiskeli isifungwe tena ukutani, na kwamba ninaruhusiwa kuiendesha mpaka kwenye kile kilima. Mama alikunja uso, akafikiri. "Vizuri," alisema. "Mahindi ya mashineni yamepata mpagazi."

Jumatatu asubuhi, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, nilimsindikiza Marcelino kituoni. Basi la Mbeya lilipoondoka nililipungia mkono mpaka vumbi lake likatulia, na bado nikaendelea kusimama pale na baiskeli. Fundi Muharami, aliyekuwa akifungua kazi ng'ambo ya barabara, akaniita barazani.

"Unalia kwa sababu amekwenda, au kwa sababu hamkufika?"

"Yote mawili, babu."

"Haya, lia. Lakini nisikilize huku unalia." Akanipa kopo dogo lenye grisi na kitambaa safi. "Tope ulilolipata siku ile lilikuwa jambo dogo, lingetoka kwa kitambaa na maji kidogo. Kilichokula chuma ni kuficha. Ulisugua ili kaka yako asijue, ukaupeleka mchanga mpaka ndani, halafu ukauacha ukae humo miezi minne. Kidogo uniharibie na jina langu, nami sikukufanyia lolote. Juzi ulisema kweli mbele ya watu wazima, ukaliokoa jina hilo. Hilo sitalisahau. Basi ukikosea tena, maana utakosea, wewe ni binadamu, sema siku ile ile, tope likiwa bado bichi."

"Nimesikia, babu."

"Nenda sasa. Na mlimani usisahau kushika breki."

Nilipanda baiskeli, nikaipita nyumba yetu, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kile kilima kabla ya Nduli. Ningeweza kuendelea, hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeambiwa mpaka pale, na jabali lile nilitaka kulifikia pamoja na Marcelino. Nikashika breki, nikalitazama hadi roho yangu ikatulia kidogo. Kisha nikageuza baiskeli, nikarudi nyumbani kuteka maji.