Dishi la Kinyozi

Kila siku baada ya shule, Najua alimfuata shangazi yake, fundi wa madishi ya televisheni, akamsaidie kubeba spana na waya. Najua halikuwa jina lake. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu lolote aliloambiwa alijibu, "Najua."

Siku hiyo kichwa kilimzunguka. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba roketi huipeleka setilaiti angani, nayo ikishafika huizunguka dunia kwa kasi bila kupumzika. "Mmeelewa?" aliuliza mwalimu. Najua aliitikia kabla ya wote, na ukweli ni kwamba hakuwa ameelewa hata chembe. Kama setilaiti inayorusha picha za televisheni inakimbia, mbona shangazi hulikaza dishi kwa nati, likakaa miaka likitazama upande mmoja?

Alasiri hiyo, juu ya paa la zege la duka la kinyozi, shangazi alikaza nati ya mwisho. Picha ikatokea safi kwenye televisheni ya dukani, naye akashuka kupanga waya ndani. Najua alibaki juu na swali lake. Kuuliza aliona aibu. Mwishowe alijiambia kuwa shangazi anajua spana tu, mambo ya anga hayajui. Akalegeza nati, akalisogeza dishi kidogo lifuate setilaiti.

Aliposhuka alikuta televisheni haina picha.

"Fundi, ndiyo kazi gani hii?" kinyozi alisema, mashine mkononi, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja. "Nina maduka mengine mawili nilitaka uyafungie madishi. Bora nitafute mtu mwingine."

Shangazi alikagua waya, akakagua king'amuzi, asione kosa. Jasho lilimtoka mbele za watu. Najua hakuwahi kumwona hivyo, na moyo ukamuuma.

"Shangazi, ni mimi. Nimelizungusha dishi. Mwalimu alisema setilaiti inakimbia."

Mteja alicheka. Shangazi hakucheka wala hakufoka.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilishasema nimeelewa."

Shangazi alimkalisha kwenye kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka. "Wewe ni dunia, mimi ni setilaiti," alisema, kisha akamwomba kinyozi akizungushe kiti taratibu. Yeye akatembea kukizunguka, hatua zake zikienda sawa na kiti.

"Niko wapi?"

"Mbele yangu."

"Nimesimama?"

"Hapana, unatembea. Lakini bado uko mbele yangu."

"Ndivyo ilivyo. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku. Setilaiti ya televisheni iko juu sana, kama kilomita elfu thelathini na sita, nayo huizunguka dunia kwa muda huohuo, kwa hiyo haiondoki mbele ya dishi. Chombo wanamokaa wanaanga kiko chini zaidi, hicho hutupita mbio."

"Kumbe," kinyozi alisema. "Mimi nilidhani imening'inia tu."

Shangazi alilirudisha dishi, picha ikarudi. Kinyozi alimwomba radhi, akampa kazi ya maduka yale mawili.

Njiani shangazi alisema, "Umekiri kosa lako, na hilo limeniokoa. Lakini ungeuliza mapema, kusingekuwa na kosa la kukiri. Kuuliza si ujinga."

Najua alikaribia kusema anajua, akajizuia. "Shangazi, mbona setilaiti haituangukii?"

Shangazi alisimama, akafikiri.

"Hilo sijui, mwanangu," alisema bila haya yoyote. "Kesho kamuulize mwalimu, halafu uje unifundishe."