Kamera Iliyosema Hakuna Mtu

Daraja la magogo lilikatika Timothée akiwa katikati. Maji ya kahawia yalimkamata kiunoni, yakamgeuza, yakamvuta. Mdogo wake, Éliakim, aliona turubai jeusi ambalo kaka yake alijifunga mgongoni likipotea kwenye kona ya mto, kisha mvua ikazidi na hakuonekana tena.

Walikuwa wanne, wakirudi Oicha kwa miguu kutoka shamba la kakao kwenye ukingo wa msitu, maana matope yalikuwa yameshinda pikipiki. Sasa ng'amboni walibaki watatu waliokwisha kuvuka: Éliakim, fundi wa simu wa eneo la Kimemi, mjini Butembo; Berthe, mke wa Timothée; na Sikuli, kaka mkubwa wa Berthe.

"Éliakim," Berthe alisema, meno yakigongana, "toa ile machine yako."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ukweli. Badala yake akaitoa mfukoni.

Machine yenyewe ilikuwa kamera ndogo ya bei nafuu, ya kuchomekwa kwenye simu, inayoona joto badala ya mwanga. Éliakim aliinunua ili imwonyeshe kipande kibovu kinachopata moto ndani ya simu ya mteja. Ilipokataa kuona kitu cha karibu, alikwangua gundi ya kiwandani kwa sindano, akazungusha lenzi nje kidogo kidogo hadi vipande vidogo kama punje za ulezi vikaonekana safi, kisha akaigandisha hapo kwa gundi kali. Kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Ila tangu siku hiyo kamera iliona vizuri umbali wa kiganja tu. Mbele ya hapo kila kitu kilikuwa uji.

Lakini Jumapili, baada ya ibada, sahani ya sombe mkononi, aliwaambia ndugu wote kwamba ameiongezea nguvu hata inaona mbuzi nyuma ya miti. Hakuna aliyemuuliza. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sikuli alitaka waite kama wanavyoita watu wa huko mtu akipotea: mmoja apaze sauti, kisha wote wanyamaze na kusikiliza, ndipo mwingine aite.

"Hapana poteza nguvu, yaya Sikuli," Éliakim alisema, akimwita kaka kwa heshima. "Machine itatuonyesha."

Wakafuata ukingo wa mto wakishika mizizi. Sikuli alikanyaga kisiki, wayo ukachanika; Berthe akararua pindo la kitenge chake akamfunga. Maji ya mto yalikuwa matope, hivyo wakanywa ya mvua kwenye majani. Mbele, Éliakim alitembea na simu usoni. Kwenye mti mkubwa ulioanguka aliielekeza chini ya matawi. Rangi ya bluu tu.

"Baridi tupu. Hapana mutu hapa."

"Mais, lakini nimesikia kitu," Berthe alisema.

"Ni mayi ya mto, shemeji. Twende."

Berthe akamwamini, akaenda.

Mbele kidogo, doa la rangi ya machungwa likatokea kwenye mteremko. Éliakim alipiga kelele kwa furaha ya mtu aliyesamehewa. Wakapanda, wakiuacha mto nyuma, wakiteleza, wakiinuka. Sikuli alisema anasikia harufu ya moshi, lakini nani asikilize pua ya mtu wakati kuna machine? Berthe alifika wa kwanza. Mbele yake palikuwa na tanuri la makaa, rundo lililofunikwa udongo, likifuka polepole kwenye mvua. Mwenyewe hakuwepo.

Berthe akapiga magoti. "Bwana yangu iko wapi, Éliakim?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Éliakim aliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Haionake mbali," alisema. "Niliigeuza ya kuona karibu. Nilibadanganya. Hata Jumapili nilibadanganya."

"Igeuze basi!" Sikuli alinguruma.

"Kole, ile gundi, imekauka. Nikilazimisha, itapasuka."

Alingoja tusi, alingoja hata kofi, vingemsaidia. Berthe alifuta matope magotini. "Tushuke. Tuite kama batu."

Wakashuka. Sikuli aliita, wakanyamaza. Berthe aliita, wakanyamaza. Hata Éliakim aliita. Walipofika kwenye ule mti ulioanguka, wakasikia kijiti kikigonga gogo, taratibu.

Timothée alikuwa amejikunyata chini ya matawi, turubai amejifunika mwili mzima. Plastiki na maji baridi vilikuwa vimeficha joto lake lote, na hata kamera nzima ingedanganyika hapo. Sikio lisingedanganyika. Mguu ulikuwa umevunjika, midomo imekuwa ya kijivu.

"Eeh Nyamuhanga, Mungu wangu," Berthe alilia, akamkumbatia.

Sikuli alikata vijiti wakaufunga mguu. Éliakim alivua shati lake akalikamua, akamlalia kaka yake kifuani ampe joto.

"Nilisikia sauti yako," Timothée alinong'ona. "Ulikuwa hapa karibu."

Wakamfunga ndani ya turubai kwenye mti mrefu, wakambeba kama kwa kipoyi, machela ya huko. Éliakim alishika upande wa kichwa njia nzima, akakataa kupokewa, hata bega lilipoanza kutoa damu.

Walifika kituo cha afya Oicha giza likianza kuingia. Muuguzi Godelive alipomsafisha mgonjwa, chumba kilijaa majirani na watu wa kanisa, na habari ilikuwa imeshapotoka njiani.

"Machine ya Éliakim imeokoa mutu!" mmoja alisema. "Bwana asifiwe!" wengine wakaitikia.

Timothée alimshika mdogo wake mkono. "Acha baseme," alisema chini chini. "Hapana jiharibia kazi."

Wema huo ulimchoma kuliko tusi lolote. Éliakim akasimama.

"Ndugu zangu, ile machine ilipita karibu na yaya yangu, nikasema hapana mutu. Bibi yake Berthe alimusikia. Ni miye nilimunyamazisha. Nilibadanganya bote juu ya kutafuta sifa."

Mzee mmoja alikohoa, akatoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kumtazama.

Berthe alikuwa akimnywesha mumewe uji kwa kijiko. Naye hakumtazama. Lakini baada ya muda alisogea kidogo kwenye benchi.

"Ikala," alisema. "Mushikilie kichwa, anashindwa kumeza."

Éliakim akakaa, akamshikilia.